Kabla hujalipia mashine ya hospitali, jua nani ataruhusiwa kuifungua

Zahanati nyingi zikinunua mashine huuliza bei, muda wa dhamana na siku ya kufika mzigo. Swali lenye pesa nyingi zaidi huulizwa mashine ikishazima: nani ana mwongozo, spea na neno la siri la kuitengeneza? Jibu likiwa wakala mmoja aliye mji mwingine, kila hitilafu ndogo itakuwa nauli, posho na wiki za kusubiri. Haki ya kukitengeneza kifaa chako hupatikana kirahisi kabla hujalipa. Ukishalipa, unaomba.

Tuanze na konsentreta ya oksijeni, mashine inayotenga oksijeni kutoka hewani, maana imeenea vituoni na siku hizi hata majumbani. Ndani yake hakuna siri. Kompresa husukuma hewa ya chumbani kwenye mitungi miwili yenye punje za zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo sana, ambazo hunasa naitrojeni. Valvu hupokezana: mtungi mmoja ukiwa na presha, mwingine unajisafisha. Kinachotoka ni oksijeni ya asilimia 93 hivi, na Shirika la Afya Duniani linataka isishuke chini ya 82. Mashine ya lita 5 kwa dakika hula wati 350 hivi.

Malalamiko mengi ya "haitoi oksijeni" hayahitaji hata bisibisi. Bana mrija wa mgonjwa kwa kidole gumba karibu na mwisho wake na utazame kile kimpira cha kwenye flomita, kipimo cha mtiririko wa oksijeni kilicho mbele ya mashine. Kikishuka hadi sifuri, njia ni nzima. Kikibaki juu, hewa inavuja mahali fulani kati ya flomita na kidole chako, na mara nyingi ni kifuniko cha chupa ya maji inayolowesha oksijeni kilichofungwa upande au mpira wake uliokauka. Mashine inayojizima baada ya dakika kadhaa huwa inapata joto kupita kiasi: filta ya sponji imeziba vumbi, au mashine imesukumwa ukutani haipati hewa. Sponji ioshwe kwa maji ya sabuni kila wiki na ikauke kabisa kabla ya kurudishwa, kwa sababu unyevu ndio adui mkubwa wa zeolaiti. Kwa sababu hiyohiyo konsentreta isiachwe stoo miezi mingi bila kuwashwa, na fundi akiifungua mitungi azibe matundu yake papo hapo.

Kosa moja ni la hatari. Watu hutumbukiza mrija kwenye glasi ya maji, wakiona mapovu wanaridhika. Hewa ya kawaida nayo hutoa mapovu. Zeolaiti ikichoka, mashine huendelea kupuliza kama kawaida huku mgonjwa akipata hewa isiyomsaidia kitu. Usafi wa oksijeni hujulikana kwa kipima oksijeni tu, baada ya mashine kuwaka nusu saa kwa kiwango cha juu. Kipima hicho kinunuliwe pamoja na mashine, kwenye ankara ileile.

Na wanaoletewa mashine kutoka Marekani wasome kibandiko cha nyuma kwanza. Kikiandikwa volti 115 na hezi 60, transfoma itashusha volti zetu 230 au 240 lakini haitabadilisha hezi 50. Kompresa itazunguka polepole, presha haitatosha na asilimia ya oksijeni itashuka. Hiyo si mashine mbovu. Haikutengenezwa kwa umeme wetu, na hakuna dhamana itakayokusaidia.

Kazi zote hizo fundi wa vifaa tiba aliyehitimu anaziweza. Anachokwama nacho ni kufuli. Mashine huja na mwongozo wa mtumiaji, unaoeleza vitufe na usafi. Mwongozo wa fundi, wenye michoro ya saketi, maana ya kila namba ya hitilafu na hatua za kupima sehemu moja moja, hubaki kwa mtengenezaji. Kwenye ventileta (mashine ya kupumulia), mashine ya dawa ya usingizi au ultrasaundi kuna pia menyu ya fundi yenye neno la siri. Unaweza kubadilisha bodi au sensa ya presha vizuri kabisa, mashine ikakataa kufanya kazi hadi kalibresheni, yaani kusawazisha vipimo vyake, ifanyike ndani ya menyu hiyo.

Kuna na spea zenye chipu. Sensa za kidoleni za kupima oksijeni ya damu zenye plagi ya pini 9 hufanana kwa macho, ila nyaya za ndani hutofautiana kati ya teknolojia moja na nyingine, na nyingine zina chipu ya utambulisho. Inaingia vizuri, lakini monita haisomi, au inasoma uongo, na uongo ndio mbaya zaidi. Kabla ya kununua monita uliza bei ya sensa hiyo, kisha uulize kama kuna mtengenezaji wa pili anayeitengeneza. Betri za monita nyingi ni za asidi zilizozibwa, volti 12, na ukipata yenye volti, uwezo na vipimo vilevile duka la kawaida inatosha. Betri ya defibrileta, mashine ya kushtua moyo kwa umeme, nunua ile iliyoidhinishwa, hata kama bei inauma. Hapo hatuna mjadala.

Kufuli inayomeza pesa kimyakimya iko maabara. Unaletewa mashine ya kupima damu "bure", ila inasoma vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kampuni moja tu kwa alama ya msimbo kwenye chupa. Vikiisha au vikipitwa na muda, mashine inakataa. Usipige hesabu ya bei ya chupa. Piga ya kipimo kimoja, ukijumlisha kalibresheni, sampuli za udhibiti, maji ya kusafishia na kile kinachotupwa kwa kuisha muda kwa sababu wagonjwa wako ni wachache kuliko ukubwa wa chupa. Mkataba useme vitendanishi visipofika ndani ya siku mlizokubaliana, nani analipia vipimo vinavyopelekwa maabara nyingine.

Wakala akisema vizuizi ni kwa usalama wa mgonjwa, jibu lipo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililichunguza suala hilo na mwezi Mei 2018 ikaripoti kwamba ushahidi uliopo hautoshi kuthibitisha kuwepo kwa tatizo lililoenea la usalama, na kwamba mafundi huru wengi hutoa huduma bora na salama. Jimbo la Colorado likapitisha sheria mwaka 2022, ikaanza kutumika Januari 1, 2023, inayowalazimu watengenezaji wa viti vya magurudumu vya umeme kuwapa wamiliki na mafundi huru spea, programu, zana na miongozo. Tangu Oktoba 2021, kanuni za hakimiliki za nchi hiyo zinaruhusu kuvuka kufuli ya programu ya kifaa tiba kwa ajili ya kukichunguza na kukitengeneza. Sheria hizo si zetu. Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa. Tanzania kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), na inakataza kumpotosha mlaji. Zitaje mezani, lakini usingoje sheria ikutafutie mwongozo wa fundi. Uandike kwenye mkataba.

Andika hivi, kwa maneno yanayopimika: mwongozo wa fundi kamili kwa karatasi na faili, neno la siri la menyu ya fundi pamoja na programu na kebo yake, orodha ya spea yenye namba na bei, na ahadi ya kuzipata kwa miaka isiyopungua 7, mafunzo ya mafundi 2 wa kituo, saa ngapi wakala atajibu simu na siku ngapi atafika. Neno "msaada wa kiufundi utatolewa" peke yake halina maana yoyote, likatae. Bakisha asilimia 10 ya malipo hadi siku ya kupokea mashine, na siku hiyo msisaini hati ya makabidhiano kabla fundi wenu mwenyewe hajaingia kwenye menyu ya fundi na kutoka, wakala akiwa amesimama pale. Neno la siri "litakalotumwa kwa barua pepe" halifiki.

Mashine mliyonayo tayari ikiwa haina mwongozo, tafuteni tovuti ya iFixit, iliyokusanya maelfu ya miongozo ya vifaa tiba mwaka 2020, au ile ya Frank's Hospital Workshop. Zote mbili ni bure. Hakikisheni modeli na toleo la programu vinalingana, maana herufi moja mwishoni mwa jina la modeli huweza kumaanisha bodi tofauti kabisa.

Haki ya kutengeneza haimaanishi kila mtu afungue. Fundi redio asiguse defibrileta: kapasita yake, sehemu inayohifadhi umeme, huweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomolewa. Vepolaiza ya mashine ya usingizi, sehemu inayogeuza dawa kuwa mvuke, isifunguliwe na asiye na kifaa cha kupima kiwango cha dawa inachotoa. Eksirei vilevile. Na mashine yoyote ya umeme iliyofunguliwa isirudi kwa mgonjwa kabla ya kupimwa kwa kiwango cha kimataifa cha usalama wa umeme wa vifaa tiba, IEC 62353: ukinzani wa waya wa athi pamoja na kebo yake usizidi ohm 0.3, na umeme unaovuja uwe ndani ya mipaka. Kituo kisicho na kipimo hicho kiingie makubaliano na hospitali ya rufaa iliyo karibu, kwani karakana zake mara nyingi zinacho.

Kila mashine iwe na daftari lake. Andikeni tarehe, saa zilizosomeka kwenye kihesabu, dalili, namba ya hitilafu kama ilivyoonekana, spea iliyowekwa, asilimia ya oksijeni kabla na baada, na saa mliyompigia wakala pamoja na alichojibu. Hitilafu iliyomdhuru au ingeweza kumdhuru mgonjwa iripotiwe kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) kwa Tanzania, au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya, mkiambatanisha nakala ya ukurasa huo na picha ya kibandiko chenye namba ya mashine.