Wasomaji Wanauliza: Viza Unayo, Lakini Umeisoma?

Habari za kazi, wahariri. Nimepata viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia kundi la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani. Imeandikwa kuanzia 01-03-26 hadi 14-04-26, lakini pembeni pana siku 30. Nifuate lipi? Na katikati ya safari nataka kwenda London wikendi moja, kisha nirudi Paris.

Utakaa siku 30, si 45. Zile tarehe mbili zinakuambia lini unaruhusiwa kuingia na lini lazima uwe umeshatoka. Ndani ya muda huo una siku 30 za kukaa, zinazoanza kuhesabiwa siku unapovuka mpaka. Siku ya kuingia ni ya kwanza, na ya kutoka nayo inahesabiwa hata kama ndege inaruka saa kumi alfajiri. Siku 15 zilizozidi zimewekwa makusudi, safari ikisogezwa mbele usilazimike kuomba upya.

Kuhusu London, angalia panapoonyesha idadi ya kuingia. Pakiwa na 01, umeruhusiwa kuingia mara moja tu. 02 ni mara mbili. MULT ni mara nyingi. Uingereza haimo katika Schengen, na Ireland vilevile. Mwenye 01 akishapanda treni ya London, viza yake imekwisha kazi, hata kama amebakiwa na siku 20. Kama unayo MULT, kumbuka tu kwamba ile ya Schengen haikuingizi Uingereza. Huko wana utaratibu wao na viza yao.

Mimi nina ya MULT ya mwaka mzima, siku 90. Nilikaa kuanzia 10 Januari hadi 10 Machi. Nikirudi 1 Mei naanza upya?

Huanzi upya. Kanuni ni siku 90 katika kila siku 180, na hizo 180 hazifuati kalenda: kila siku uliyomo Schengen, ofisa anarudi nyuma siku 180 na kujumlisha. Januari hadi Machi ulitumia siku 60. Ukiingia 1 Mei zimebaki 30, kwa hiyo 30 Mei ndiyo siku yako ya mwisho. Ukilala mpaka 31 umezidisha. Baada ya hapo siku zitaanza kukurudia moja moja kuanzia 9 Julai, kadiri zile za Januari zinavyotoka kwenye hesabu.

Nina siku nne Italia na nne Ujerumani. Niombe ubalozi gani?

Wa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana kama zako, omba kwa ile utakayoingia kwanza. Usikimbilie ubalozi unaosifiwa kuwa mwepesi halafu ratiba yako ikaonyesha unalala kwingine.

Naunganisha ndege tu, sitoki nje ya uwanja. Kweli nahitaji viza?

Inategemea kwanza kama una tiketi moja au mbili. Kwa tiketi moja, kwa kawaida mzigo unapelekwa hadi mwisho wa safari nawe unabaki eneo la abiria wanaopita. Ukinunua tiketi mbili za mashirika tofauti ili kubana matumizi, mara nyingi begi lako hutokea upande wa pili wa uhamiaji. Kulifuata ni kuingia nchini, na hapo unatakiwa viza ya kuingia.

Hata ukibaki ndani, kuna pasipoti ambazo nchi za Schengen huzidai viza ya uwanja wa ndege, aina A. Tena aina A haitoshi ukitua Frankfurt, ukaenda Roma, ndipo utoke Ulaya: Frankfurt hadi Roma ni safari ya ndani, maana yake umeshaingia Schengen, na unahitaji aina C, viza ya kawaida ya kuingia na kukaa muda mfupi. Marekani ndiyo inayowanasa wengi, kwa sababu viwanja vyake havina eneo la kupita bila uhamiaji. Asiye na ruhusa nyingine ya kuingia anahitaji viza ya C-1, yaani ya kupita, hata kama anasubiri saa mbili tu. Na wa kukuzuia si lazima awe uhamiaji. Atakuwa mhudumu wa kaunta ya shirika la ndege pale unapoanzia, kwani shirika likimbeba abiria asiye na karatasi linatozwa faini na kulazimika kumrudisha.

Nina B1/B2 ya Marekani. Chuo kimenikubali. Niingie nayo, nianze masomo, mengine yafuate?

Hapana. B-1 ni ya shughuli za kibiashara kama mikutano, B-2 ni ya matembezi, kuona jamaa au matibabu. Kozi ya kupata shahada inataka F-1, viza ya mwanafunzi, na huiombi bila fomu I-20 kutoka chuoni, inayothibitisha kuwa umekubaliwa. Ukishaipata, usiwahi kupita kiasi: huruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20.

Nimenyimwa viza ya Schengen. Fomu imetiwa alama kuwa sababu ya safari haikuthibitishwa. Rafiki anasema nijaze pesa akaunti, niombe ubalozi mwingine, na hilo la kunyimwa nilinyamazie.

Rafiki yako anakutafutia balaa. Nchi za Schengen zinatumia hifadhi moja ya taarifa za viza, na alama zako za vidole zinaweza kutumika tena ndani ya miezi 59. Ubalozi wa pili utaliona jibu la wa kwanza. Uongo kwenye fomu ni mzito kuliko kunyimwa kwenyewe: Uingereza inaweza kukufungia mlango hadi miaka 10.

Tena kosa lako halikuwa pesa. Panga karatasi zako mezani uzisome kama mgeni. Hoteli usiku 7, barua ya likizo siku 21, bima siku 10: unakwenda kufanya nini siku zilizobaki? Bima lazima ifunike siku zote, kwa kiwango kisichopungua euro 30,000. Pesa nyingi zilizoingia ghafla wiki mbili kabla ya maombi huonekana za kuazima. Kama umeuza kitu, ambatanisha mkataba wa mauzo. Unayo pia haki ya kukata rufaa, na fomu hiyohiyo inaeleza namna. Ukiomba upya, fungua maombi mapema kuanzia miezi 6 kabla ya safari, si chini ya siku 15. Jibu hutoka kwa kawaida ndani ya siku 15, ila likihitaji uchunguzi linafika 45.

Pasipoti yangu inakaribia kuisha, lakini ina viza hai ya Marekani. Itapotea?

Haipotei. Chukua pasipoti mpya ya uraia uleule, safiri na zote mbili, na waombe wanaofuta ile ya zamani wasikate wala kutoboa ukurasa wa viza. Kwa Schengen, pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibakize miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na kurasa mbili tupu. Nchi nyingi nyingine hutaka miezi 6.