Neno ulilouliza

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako niliusoma jana nikiwa steji. Umesema mmeambiwa muwaandikie wapangaji kwa Kiswahili kwamba mitaro itazibuliwa kabla ya masika, nawe hujui uchague lipi: kutangulia, kuharakisha ama kuwahi. Mwenzako anashikilia kwamba kuwahi ni kufika mapema tu.

Kutangulia ni habari ya nani yuko mbele na nani nyuma. Mzee hutangulia kuketi, marehemu wametutangulia, hakuna kinachowakimbiza. Kuharakisha ni mwendo, na mtu huharakisha akachelewa vilevile. Lakini kuwahi, mwanangu, kuna kitu kinachokuja, au kinachotaka kuponyoka. Ukisema "niliwahi matatu", ilikuwa karibu kuondoka. Ukisema "nilimwahi kabla hajatia sahihi", kalamu alikuwa ameshaishika. Hata ile "sijawahi kufika Lamu" mimi huisikia hivyo: siku zinapita, na safari ile bado sijaipata. Napenda sana kwamba kitenzi kimoja kinabeba basi la asubuhi na umri mzima wa mtu.

Unakumbuka Februari ile, ukiwa darasa la sita, baba yako alipotutoa sote na jembe na karai hapa Umoja? Jua kali, hakuna hata wingu, majirani wanauliza tunafukua nini. Tulitoa tope jeusi, slipa moja ya mtoto, chupa za soda, kisha lile gunia lililoziba mdomo wote wa kalvati. Ulilivuta wewe kwa mikono miwili, na maji yaliyolala yakaanza kutembea. Machi mvua ilipofika, yalipita mbele ya mlango wetu yakaenda zake. Pale tuliwahi.

Aprili 2024, mafuriko yalipoingia Mathare, Nairobi, watu waliharakisha mno, watoto mgongoni, lakini mto ulikuwa umeshawawahi. Sijui neno jingine linaloweza kusema hivyo.

"Mapema" si baya, ila linataja saa tu. Andika: "Mitaro itazibuliwa Februari ili tuiwahi mvua." Na hiyo tarehe waiweke kamili, mwanangu. "Hivi karibuni" usiikubali.

Mama yako