Mkuu wa Iringa, acha kwanza kalenda: TV yako haijui leo ni lini

Salamu ya "kamwene" nitakupa siku nyingine. Nimesoma ulichoandika, kwamba una Raspberry Pi 4 (ile kompyuta ndogo ya kiganjani) yenye Kodi, programu ya kuchezea filamu kwenye TV, sebuleni, unataka kalenda yako ya Google ionekane kwenye TV pamoja na vikumbusho vya dawa za presha za mama, na kwamba kwa kuwa TV iko karibu na kiti chake umeshazima alamu za simu yake. Hapo kwenye alamu nikaweka kikombe chini. Mkuu, inuka sasa hivi ukaziwashe, halafu urudi tuendelee.

Umerudi? Haya. Mimi niko Mbeya, shamba la parachichi liko Rungwe, upande wa Tukuyu. Miaka miwili iliyopita nilifanya hicho hicho unachotaka kufanya. Fundi mmoja pale Mwanjelwa aliniuzia Pi 4, akaniwekea LibreELEC (mfumo mwepesi wa kuendesha Kodi) na Kodi yenyewe, akaunganisha kalenda kwa ile anwani ya siri ya iCal, kiungo cha Google cha kusoma kalenda bila nywila. (Hiyo anwani usiibandike humu jukwaani. Yeyote akiipata anasoma mambo yako yote mpaka tarehe za vikoba.) Nikamuuliza, na saa je? Akacheka. "Mzee, saa inajiweka yenyewe." Nikaona aibu kuuliza tena. Na ile video niliyoangalia mtandaoni, jamaa anaongea dakika arobaini kuhusu rangi za fonti na picha za nyuma, saa hakuigusa hata kwa bahati mbaya.

Sasa sikia. Pi 4 haina saa yenye betri ndani. Kompyuta ya kawaida ina kile kidonge cha betri kinachohesabu muda hata ukiichomoa mwezi mzima. Pi hainacho. Ikizimika, yote inayokumbuka ni muda wa mwisho uliohifadhiwa kwenye kadi yake ya kumbukumbu. Ikiwaka inaendelea kuanzia pale, kisha inauliza intaneti saa ngapi. Intaneti ikiwepo, inajirekebisha, na ndiyo "inajiweka yenyewe" ya fundi wangu. Isipokuwepo, inabaki imelala jana na kukuambia kwa uso mkavu kuwa ni leo.

Basi kwangu, Jumatatu moja saa 3 usiku umeme ukakatika, transfoma ya mtaa imeungua. Ukarudi Jumanne saa 4 usiku. Katikati hapo bando la ruta likawa limeisha. Hakuna aliyegundua, maana filamu na katuni za watoto zote ziko kwenye hadidiski, na kalenda ilikuwa na nakala yake kwenye kadi. Kila kitu kinacheza vizuri kabisa. Pi ikawaka ikiamini ni Jumatatu saa 3 usiku, nyuma kwa saa 25.

Alhamisi saa 12 asubuhi gari la wanunuzi lilikuwa linafika kituoni kuchukua mzigo. Maana yake Jumatano asubuhi wachumaji wawe shambani. Jumatano saa 1 asubuhi nikaangalia TV na chai mkononi: "Gari la parachichi, siku 2 zimebaki." Nikasema vizuri, wachumaji nitawapigia kesho.

Najua mtakachouliza, mtu mzima hajui leo ni Jumatano? Nilijua ni Jumatano. Nilichosahau ni kwamba gari ni Alhamisi, na ndiyo maana niliandika kwenye kalenda ili nisahau kwa amani. Na nilikuwa nimeipanga ioneshe siku zilizobaki tu, bila tarehe, kwa sababu inapendeza. Chekeni tu, mke wangu ameshamaliza kicheko chote cha mkoa huu.

Alhamisi alfajiri simu inaita, jirani yangu wa shamba. "Baba Neema, gari lipo hapa, mzigo wako uko wapi?" Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Gari ni kesho bwana, angalia vizuri." Wallahi nikageuka kuangalia TV nimsomee. Imeandika siku 1.

Kreti 60 zilikuwa zinanisubiri mtini. Nikaomba gari linalofuata, wakasema foleni imejaa, wiki tatu. Ada ya shule haisubiri wiki tatu, kwa hiyo akaja dalali, na dalali ananusa shida ya mtu kuanzia Kiwira. Kilo niliyoahidiwa shilingi 1,800 akaichukua kwa 700. Kreti zote 60 ni kilo 1,200, zidisha na tofauti ya 1,100, ni shilingi 1,320,000. Hiyo ndiyo bei niliyolipa kwa saa ya ukutani.

Nikarudi kwa fundi. Akaniambia tatizo ni bando. Sawa, tatizo ni bando, na mtu akizama tatizo ni maji.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza programu ipi ya kalenda ni nzuri, tafuta moduli ya saa, DS3231. Ni kadude kadogo kuliko kiberiti, kana betri yake, na saa yake inakosea kama dakika moja tu kwa mwaka. Wakikuuzia DS1307 kwa sababu ni rahisi, kataa. Ile haijirekebishi na joto wala baridi, na wewe uko Iringa, mwezi wa saba unaujua. Zile ndogo za Pi zinakaa kwenye pini 1, 3, 5, 7 na 9, safu ya ndani. Safu ya nje ina volti 5, usijaribu bahati. Kisha chomeka kadi ya Pi kwenye kompyuta, fungua faili la config.txt, ongeza mstari huu:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Intaneti ikiwepo, ingia kwenye Pi kwa SSH (kuandika amri kutoka kompyuta nyingine), piga amri hwclock -w mara moja ili saa sahihi iandikwe kwenye moduli. Halafu weka hwclock -s kwenye autostart.sh, faili la amri zinazoendeshwa Pi ikiwaka, ili kila Pi inapowaka isome moduli kwanza kabla ya kuuliza mtandao. Ukiwa na Pi 5, saa imo ndani, lakini betri yake inauzwa peke yake, na muuzaji hatakukumbusha.

Majira ya saa ya Kodi yaweke Tanzania, la sivyo dawa ya asubuhi inaweza kuonekana kwa saa isiyo yake. Na ukiandika kwenye kalenda, saa 2 asubuhi ni 08:00. Mpwa wangu aliandika 02:00, tukaamshwa... hapana, hatukuamshwa, TV ilikuwa imezimwa. Ndiyo uone.

Ukimaliza, chomoa ruta, chomoa Pi, kaa nusu saa, washa Pi peke yake. Ikikupa saa sahihi, njoo tuongee kalenda. Ikikupa saa ya nusu saa iliyopita, alamu ya simu ya mama isiguswe.