Surua: kwa nini chanjo mbili?

Dada, umeuliza kwa nini mwanao, aliyechanjwa surua akiwa na miezi 9, arudishwe kliniki akifikisha 18. Ile ya kwanza haikuwa mbovu. Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama, yaani protini za damu zinazopambana na vijidudu, zilizopita kwenye kondo. Zikiwa bado zimo damuni, huvidaka virusi dhaifu vya chanjo kabla seli za mtoto mwenyewe hazijavitambua. Ndiyo maana kati ya watoto 100 wa miezi 9, kama 15 hivi hutoka bila kinga, na kwa macho huwezi kuwajua. Dozi ya pili inawanasa hao.

Akichemka mwili wiki moja baada ya chanjo, usishtuke: parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila saa 6. Aspirini hapana. Akipata degedege, hospitali mara moja.