Bandeji za kolajeni na kidonda kisichouma

SWALI: Shikamoo, mama muuguzi. Mama yangu ana miaka 61, anauza ndizi katika soko la Mbuyuni hapa Moshi, na ana kisukari. Kwa miezi minne sasa ana kidonda kwenye wayo, chini ya dole gumba; hakimuumi, lakini hakifungi. Kaka yetu aliye ng'ambo ametuma bandeji za kolajeni. Niliweka ya kwanza, na baada ya siku mbili nikakuta utelezi wa manjano, nikaogopa kuwa ni usaha. Je, niendelee nazo? Na je, zinatokana na nguruwe? Sisi ni Waislamu.
Binti wa Majengo, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Utelezi huo huenda ni bandeji yenyewe, kwa sababu kolajeni ikishanyonya maji ya kidonda hulainika na kuwa kama uji mzito. Hata hivyo, usiamue kwa macho peke yake, muuguzi aukague.

Kolajeni ni protini inayoipa ngozi, kano na mifupa uimara wake. Kidonda sugu huwa kimejaa vimeng'enya ambavyo kazi yake ya kawaida ni kuondoa tishu zilizoharibika, lakini vinapozidi huikata hata kolajeni mpya ambayo mwili unaijenga, mfano wa mtu anayebomoa ukuta huku fundi angali anapanga matofali. Bandeji hiyo huvipa vimeng'enya kolajeni nyingine ya kushughulika nayo, ili ile ya mgonjwa ipate nafasi ya kusimama. Haifai kwenye kidonda kikavu chenye gamba jeusi, wala chenye maambukizi ambayo hayajatibiwa.

Lakini neno lililonishtua katika barua yako ni "hakimuumi". Kidonda cha wayo kisichouma kwa mtu mwenye kisukari kwa kawaida maana yake ni kwamba mguu umekufa ganzi, kwa hiyo mama anakikanyaga kutwa nzima sokoni bila mwili kumwonya. Chukua ndala zake uzigeuze: nadhani utakuta zimebonyea pale pale chini ya dole gumba. Bandeji yoyote, hata iwe ghali namna gani, haiwezi kushindana na uzito wa mwili unaokiponda kidonda kila hatua. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari wa mwaka 2023 haupendekezi bandeji za kolajeni kama njia ya kuponya vidonda vya aina hii, bali unatilia mkazo kuuondolea mguu uzito, kupima kama damu inafika vidoleni, kukata ngozi ngumu na nyama iliyokufa, na kutibu maambukizi. Sukari nayo lazima ishuke.

Kwa hiyo mpeleke mama kwenye kliniki ya kisukari, katika hospitali ya Mawenzi au ya KCMC, na pakiti hizo uende nazo. Waombe wamguse mapigo ya mguu na wampime ganzi, kisha waulize habari ya plasta ngumu, kama ile ya mfupa uliovunjika, au kiatu maalumu cha kupunguza uzito. Wakikubali kolajeni itumike, iwe nyongeza, na juu yake ifungwe gozi safi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Mpime kidonda kwa rula kila wiki. Kisipopungua eneo lake kwa nusu ndani ya wiki nne, matibabu yabadilishwe. Ninakusihi pia usinyunyizie unga wa vidonge, jambo ambalo nimelikuta katika nyumba nyingi.

Kuhusu nguruwe: kolajeni ya bandeji hutolewa kwa ng'ombe, nguruwe, farasi, kuku au samaki. Soma pakiti, ikiwa asili haikutajwa, mwulize mfamasia kabla ya kuifungua, na kama ni ya nguruwe, zungumza na sheikh wenu pamoja na daktari, kwa maana zipo nyingine. Mwulize mama pia kama ana mzio wa mnyama yeyote aliyetolewa kolajeni hiyo.

Ukiona wekundu unapanda mguu, harufu mbaya, homa, au kidole kinageuka cheusi, usingoje siku ya kliniki. Mfikisheni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.