Maswali na Majibu ya Nyumbani: Turubai Sakafuni, Nili Darini

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wetu wanaoishi kusini mwa Marekani, na moja imetoka Mombasa. Tumezijibu pamoja kwa sababu zinaulizia jambo moja: majumba ya kale ya huko, na yapi yaliyomo ndani yake mtu anaweza kuyafanya kwake kwa fedha kidogo.

Tunakaa Clarkston, Georgia. Watoto wakifunga shule mwanzoni mwa Aprili tunataka kwenda Savannah na Charleston kuona majumba na bustani. Mume wangu anasema ni kulipa hela ili tukatazame nyumba za watu waliotumikisha Waafrika wenzetu. Mimi napenda mapambo. Twende wapi bila kumaliza akiba? — Mama wa watatu

Mama, mumeo hajakosea, na hoja yake ndiyo itakayowafanya muione nyumba vizuri zaidi. Sheria yetu ni moja: anzeni uani, sebuleni baadaye. Karibu kila kitu utakachokipenda pale, kuanzia tofali hadi ua, kilipitia mikononi mwa watu waliokuwa watumwa. Nyumba ambayo waongozaji wake hawawataji watu hao, iacheni.

Savannah nendeni Owens-Thomas House. Ilijengwa kati ya 1816 na 1819 kwa ramani ya msanifu William Jay, na nyuma yake makazi ya watumwa bado yamesimama. Ndani ya makazi hayo inueni macho mtazame dari: ile buluu iliyochujuka ni rangi ya zamani iliyochanganywa na nili, chokaa na maziwa ya mgando. Baada ya hapo tembeeni bure kwenye viwanja vya miti vya katikati ya mji. Vimebaki 22, kwenye mpango ulioanzishwa na Oglethorpe, mwasisi wa mji, mwaka 1733. Bebeni chakula kwenye boksi la barafu mkale hapo, chini ya mialoni.

Charleston ni mwendo wa saa mbili hivi kutoka Savannah. Nyumba za mashamba ya kale za Drayton Hall, Magnolia na Middleton Place zote ziko barabara moja, Ashley River Road, na watu hujidanganya kwamba watazimaliza zote kwa siku moja. Chagueni moja, au mbili mkiamka mapema. Kwa mpenda mapambo tungesema Drayton Hall, ingawa haina kiti hata kimoja ndani. Ni nyumba ya karne ya 18 iliyohifadhiwa kama ilivyofika, bila umeme wala bomba, kwa hiyo unaona plasta, mbao na vipimo vya chumba bila samani kukuvuruga macho. Wanaopenda bustani waende Middleton Place. Bustani ilianza 1741, ina ngazi za nyasi zinazoteremka hadi mtoni. Jumba kuu lilichomwa moto 1865 wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, likabaki bawa moja tu. Ulizeni Eliza's House, nyumba ya watu waliopata uhuru. Magnolia nayo ina ziara ya vibanda vya watumwa ambayo ina thamani kuliko ya jumba lenyewe.

Kuhusu maua, azalea hushamiri kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Aprili. Mkichelewa hadi mwisho wa mwezi mtakuta yamepukutika. Na viatu viwe bapa: kisigino chembamba hutoboa mbao laini za msonobari, na baadhi ya nyumba hawakuruhusu kupita nacho.

Nimesikia zamani watu wa huko walitandika turubai lililopakwa rangi badala ya zulia. Naweza kujitengenezea? Sakafu yangu ya fleti ni mbaya na mwenye nyumba hataki niiguse. — Msomaji wa Houston

Unaweza, na katika barua zote za leo hii ndiyo kazi inayolipa zaidi. Karne ya 18 na ya 19 hata wenye fedha waliitumia: turubai lilipakwa vigae vyeusi na vyeupe, mgeni akiingia adhani ni marumaru.

Tuseme unataka la sentimita 120 kwa 180. Nunua shuka la turubai la pamba, lile ambalo mafundi rangi hutandika chini wanapofanya kazi, uzito wa wakia 10 au 12. Lifungue dukani. Likiwa na mshono katikati lirudishe, kwa sababu rangi itachubuka kwenye mshono kabla ya pengine pote. Kata 135 kwa 195. Kile cha ziada si uzembe: turubai hunywea likipakwa andakoti, nawe utahitaji upindo.

Lipige pasi ya mvuke mpaka mikunjo yote iishe. Rangi haifichi mkunjo, huutangaza. Tandika nailoni sakafuni, livute turubai juu yake, ubandike kingo kwa selotepu ya karatasi. Paka andakoti ya maji koti moja upande wa chini, likauke, ligeuze, kisha makoti mawili upande wa juu. Baina ya makoti pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi na ufute vumbi. Wengi huruka upande wa chini ili kuokoa rangi. Ndiyo maana mazulia yao hujikunja kingo kama chapati iliyokaa nje. Lita moja ya andakoti inatosha kwa makoti yote matatu.

Likikauka vizuri, pima upya na ukate 125 kwa 185. Pembe nne zikate mshazari, kunja sentimita 2.5 kila upande kwa chini, bandika kwa gundi ya seremala, na uweke matofali juu hadi asubuhi.

Sasa vigae. Kwa mraba wa sentimita 30 utapata vinne kwa sita, jumla 24, kumi na viwili vyeusi. Paka kwanza rangi nyeupe ya maji turubai zima, makoti mawili, na uache siku nzima. Chora mistari kwa penseli. Usijaribu kubandika selotepu kwa vigae vyote vyeusi mara moja: vinagusana pembeni, na selotepu ya kimoja itafunika pembe ya jirani. Fanya safu ya kwanza, ya tatu na ya tano. Zikikauka, ndipo ya pili, ya nne na ya sita.

Kisha hatua inayotenganisha kazi safi na kazi chafu. Ukishabandika selotepu, pitisha rangi *nyeupe* kwenye ukingo wake kabla ya nyeusi. Kama kuna mahali rangi itapenya chini ya selotepu, itapenya nyeupe juu ya nyeupe, na mlango wa nyeusi utakuwa umezibwa. Ng'oa selotepu rangi ikiwa bado na unyevu kidogo, ukiivuta kuelekea nyuma.

Ukitaka mishipa ya marumaru, zimua kijivu kwa maji hadi kiwe kama chai ya maziwa, chora kwa unyoya mstari mmoja au miwili kila kigae, yote ikielekea upande mmoja, ukandamize mara moja kwa sponji mbichi. Kosa la kila anayeanza ni kuchora mishipa mingi mno.

Subiri siku tatu, kisha makoti matatu ya vanishi ya polyurethane ya maji, membamba, saa nne baina yake. Usitikise kopo, koroga taratibu, la sivyo utapata viputo. Vanishi ya mafuta ni imara lakini itaigeuza nyeupe yako iwe ya manjano. Acha wiki nzima kabla ya kuweka meza juu. Chini tandika wavu wa kuzuia kuteleza. Ukihama liviringishe kwenye bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje, na usilikunje kamwe, kwa sababu ufa wa turubai haurudi.

Majirani hapa South Carolina wamepaka dari za vibaraza rangi ya buluu. Wanasema inafukuza nyigu. Ni kweli? Nikitaka kupaka kwangu? — Msomaji wa Beaufort

Mila hii inatoka kwa Wagullah-Geechee, vizazi vya Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya pwani hiyo. Buluu ilipakwa kuzuia mizimu, ambayo wao huita *haint*, isivuke mlango. Inasemwa mizimu haivuki maji, na buluu ni maji. Habari ya nyigu ilifuata. Rangi ya kale ilikuwa na chokaa, na chokaa huenda iliwachukiza wadudu. Rangi ya kopo ya leo haina kitu hicho, kwa hiyo usiitegemee kwa nyigu. Ipake kwa uzuri wake na kwa heshima ya waliokuja nayo. Nili iliyotiwa kwenye buluu ya kale, kumbuka, ilikuwa zao la biashara la Carolina karne ya 18, na ilichakatwa na mikono yao.

Jambo la kwanza, kabla ya kugusa dari: nyumba yako ni ya mwaka gani? Kama ni ya kabla ya 1978, ichukulie kuwa huenda ina rangi yenye risasi mpaka ipimwe. Usipige msasa mkavu wala usitumie moto kuibandua. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto, na kibaraza ndipo watoto wanapocheza. Dukani kuna vipimo vya bei nafuu. Ikionekana ipo na inabanduka, muite fundi mwenye cheti cha kazi hiyo.

Dari ya mita 2.5 kwa 4 ni mita mraba 10. Makoti mawili ni 20, na lita moja hufunika kama 10 kwenye mbao laini, basi lita 2 na akiba kidogo. Osha ukungu, acha mbao zikauke siku mbili, paka andakoti ya nje. Chagua buluu hafifu kuliko unayoipenda kwenye karatasi ya rangi: darini, kivulini, rangi huonekana nzito zaidi. Paka kwa kufuata urefu wa mbao, na maliza ubao mmoja kabla ya kuanza mwingine. Ukiishia katikati ya ubao alama haiondoki.

Nina meza ya maua ya mbao, imechakaa. Nataka ionekane kama jiwe. — Msomaji wa Richmond, Virginia

Una bahati, fundisho lako haliko mbali. Mount Vernon, nyumba ya George Washington, huonekana ya mawe kumbe ni mbao za msonobari zilizokatwa kingo mshazari, zikapakwa rangi, na mchanga ukarushwa juu rangi ikiwa mbichi. Isogelee utaona.

Piga msasa, paka andakoti, kisha koti zito la rangi ya mafuta ya kijivu-nyeupe. Papo hapo nyunyiza mchanga mweupe uliochekechwa kwa chekecheo ya unga, mpaka usione rangi. Uwe mkavu kabisa. Ukiwa na unyevu utashika mabonge. Mchanga wa baharini usiutumie, chumvi yake huvuta maji na kubandua rangi. Acha siku mbili, fagia uliolegea, rudia koti na mchanga. Fanya upande mmoja kwa wakati, ukilaza meza ili upande huo uwe juu. Ukisimamisha, mchanga unateremka na rangi yake.

Mwanangu yuko Jacksonville, Florida. Ameniletea picha za kuta za zamani zenye kombe za chaza ndani. Zinafanana na magofu yetu. Ni ujenzi gani? — Mzee wa Mombasa

Shikamoo mzee. Huo huitwa *tabby*. Kombe za chaza zilichomwa tanurini zikawa chokaa. Chokaa hiyo ikachanganywa na mchanga, kombe nzima na maji, kwa kadiri sawa. Mchanganyiko ulimiminwa baina ya mbao, kimo cha kama sentimita 30, ukagandishwa, mbao zikapandishwa juu. Tazama picha tena utaona mistari ya kila mimino. Kombe zilioshwa kwanza, maana chumvi huila chokaa. Sisi tulichoma matumbawe, wao walichoma chaza. Tofauti kubwa ni kwamba ukuta wetu umepangwa mawe, wao waliumimina kama zege.

Picha hizo bila shaka ni za Kingsley Plantation, ambako vibanda vya watumwa vimepangwa kwa nusu duara. Kuingia ni bure, ni hifadhi ya taifa. Mwambie mwanao asome pale habari za Anna Madgigine Jai, mwanamke wa Senegal aliyeletwa mtumwa akaja kuwa mwenye mashamba. Na lipo lingine linalotugusa zaidi. Zephaniah Kingsley, mwenye shamba hilo, aliandika kuwa alimnunua mateka mmoja wa vita Zinguebar, jina walilotumia wakati huo kwa pwani ya Afrika Mashariki. Mtu huyo ndiye Gullah Jack, aliyenyongwa Charleston mwaka 1822 kwa kupanga uasi wa watumwa pamoja na kiongozi wao, Denmark Vesey.

Asiziguse kuta, mzee, wala asiokote kombe zilizoanguka. Mafundi wa hifadhi huhitaji vipande hivyo kuujua mchanganyiko wa asili wanapoziba nyufa. Wakiziba kwa saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta wa chokaa hupasuka.