Futa uchafu kwanza, ndipo usome chapa

Jumamosi iliyopita nimemwona tena mmoja wenu mnaojifunza kusaka dhahabu na fedha kwenye mauzo ya gereji, pale watu wanapouza vitu vyao vya zamani nyumbani, amechuchumaa mbele ya meza, bangili mkononi, anamwita mwenzake: "Njoo uone, imeandikwa 14K!" (K ni karati, kipimo cha usafi wa dhahabu.) Mwenye nyumba akasikia, akaichukua bangili taratibu, akaingia nayo ndani. Haikutoka tena. Wadogo zangu, nawapenda, lakini mnanichosha.

1. Mdomo. Ukiona kitu, nyamaza, kichanganye na vikorokoro vingine, uulize bei ya vyote. Mwenye mali akikuuliza waziwazi kama ni dhahabu, mwambie ukweli. Kumdanganya bibi anayeuza vitu vya marehemu mumewe si biashara.

2. Ukingo. Sarafu za Marekani za senti kumi, robo dola na nusu dola za 1964 kurudi nyuma ni madini ya fedha asilimia 90. Ukingo mweupe mtupu, chukua. Wenye mstari wa shaba, rudisha. Nusu dola zenye sura ya Kennedy za 1965 hadi 1970 ni asilimia 40, na ukingo wake huwa unababaisha, kwa hiyo hizo soma mwaka. Senti tano za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia zenye herufi kubwa juu ya kuba la Monticello, lile jengo la upande wa nyuma, ni asilimia 35. Mengine mtayajua kwa kushika.

3. Chapa. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo niliposulubiwa.

Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwenye gereji moja na dola 60 mfukoni, kichwa kimejaa ujuzi wa wiki tatu. Kwenye sinia la plastiki kulikuwa na mkufu mnene, mzito, wa rangi ile inayokausha koo. Nikageuza kifungo, nikaweka lenzi: 18K. Baada ya K palikuwa na uchafu mweusi, ule wa jasho na losheni za miaka. Niliuona. Narudia, niliuona! Kidole gumba kingetosha kuufuta. Sikuufuta, kwa kuwa nilikwisha kusoma nilichotaka kusoma.

Bibi alitaka dola 60 kamili. Kando ya sinia kulikuwa na kopo la biskuti lenye nusu dola zenye sura ya Franklin, kama 20 hivi, kwa dola 40. Franklin zilipigwa 1948 hadi 1963, zote ni fedha, hata mwaka huna haja ya kuutazama. Nilijua hilo vizuri. Nikalipia mkufu. Mzee aliyekuwa nyuma yangu akaliinua kopo, akalitikisa mara moja karibu na sikio, akatoa pesa bila kuuliza neno.

Jumatatu nikaingia kwa sonara kifua mbele. Akaufuta mkufu kwa kitambaa, akaukwangua kidogo kwa tupa, akadondosha asidi. Povu la kijani. Hakusema kitu, alinisogezea lenzi tu. 18K HGE. Dhahabu ya kupakwa kwa umeme, utando mwembamba juu ya madini ya bei rahisi. Unajua nilimjibu nini? Nilimuuliza kama asidi yake haijachacha.

4. Chapa za GF, GP, RGP: zote ni dhahabu ya ngozi ya juu tu. Lakini 14KP msiiache, P hiyo inasema karati ni kamili. Watu wanaikimbia kwa kudhani ni ya kupakwa. Chapa ya namba 417 ni 10K, 585 ni 14K, 750 ni 18K. Ukiona 925, chapa ya fedha, kwenye pete ya njano, umeshika fedha iliyovishwa dhahabu.

5. Sumaku inafichua chuma na nikeli, shaba inapita salama. Na mkufu wa dhahabu halisi unaweza kuvutwa penye kifungo, kwa sababu ya springi ya chuma iliyomo ndani. Kuna kijana alitupa wa kweli kwa sababu hiyo, nikauokota mimi.

6. Sarafu usizisugue. Kwa chochote. Dawa ya meno nayo ni chochote.

Yule mzee wa kopo bado tunakutana Jumamosi, na siku zote amenitangulia. Kila anaponiona nimeshika mkufu, anatoa leso mfukoni na kunipa.